Jabiri Amekataa Chupa

Wodi ya Kifua
Hospitali ya Misheni
20 Februari 1978

Kwako Mama Shufaa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kitui, wewe pamoja na majirani wote wa Majengo. Mimi sijambo kidogo. Homa ya jioni imepungua lakini kikohozi bado. Natamani kujua hali yako na ya ule mguu unaokusumbua, na zaidi ya yote hali ya mtoto.

Mama, tangu mwanao Salim alipomtoa Jabiri mikononi mwangu pale mlangoni mwa hospitali akakuletea, usingizi umenikimbia. Mtoto wa miezi mitatu hajawahi kulala mbali na mimi. Daktari amesema ni kifua kikuu, na nitadungwa sindano kila asubuhi mpaka makohozi yangu yawe safi. Akasema kwa sasa nikimpumulia mtoto naweza kumwua. Alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Ningempeleka kwa mama yangu Kilungu, lakini unajua macho yake hayaoni tena. Angemtiliaje maziwa kwenye chupa?

Sasa nikueleze anavyonyonya, maana hajawahi kuonja chupa. Hufungua mdomo wote, hashiki kwa ncha ya midomo. Anapenda ziwa la kushoto, ambalo maziwa yake hutoka polepole. La kulia humrukia, akapaliwa, akakasirika. Kwa hivyo ukienda dukani usiangalie uzuri wa chupa. Sista Mumbua, muuguzi wetu hapa wodini, ameniambia kitu cha kuangalia ni ile chuchu ya mpira: iwe fupi, shina lake liwe pana, na tundu liwe dogo. Ukiigeuza chupa juu chini, maziwa yadondoke tone moja moja. Yakitoka kama mfereji yatampalia, na yasipompalia atayazoea, na hilo la pili ndilo ninaloliogopa zaidi. Akizoea maziwa yanayomwagika yenyewe mdomoni, siku nikirudi ataona ziwa langu ni kazi na atalikataa.

Maziwa yangu siyaachi yakauke. Asubuhi, mchana na jioni nayakamua kwa mkono kwenye kikombe. Sista anasema maziwa yenyewe hayana ugonjwa, ugonjwa uko kwenye pumzi, lakini hakuna njia ya kuyafikisha Kitui kwa joto hili kabla hayajaharibika. Kwetu maziwa ya mama hayamwagwi ovyo. Wazee husema siafu wakiyapata, kifua hukauka. Kwa hivyo nayapeleka nyuma ya jikoni, palipo na udongo wa unyevu, nayafukia. Kila nikifukia nalia, na wagonjwa wenzangu wameshanizoea.

Niandikie hata kama ni mistari miwili.

Mwanao,
Nzilani, Mama Jabiri


Majengo, Kitui
28 Februari 1978

Mwanangu Nzilani,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa mkono wa Mutiso, yule dereva anayeleta saruji huku, nikaisoma nimesimama mlangoni. Nashukuru Mungu homa imeanza kushuka. Mguu wangu usiuulize, umezeeka kabla ya mwenyewe. Maulidi imepita salama na watu wamekuulizia, wengine kwa mapenzi na wengine kwa umbea, na wote nimewajibu mamoja.

Mume wangu Jabiri hajambo. Nasema mume wangu kwa haki, maana amepewa jina la marehemu babu yake na amekuja na tabia zake zote: mchana hulala, chakula hudai kwa kelele, na ukimpa asichokitaka hugeuza uso ukutani kama hakujui.

Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, kwa hivyo sitakuficha. Chupa hataki. Ya kwanza nilinunua kabla barua yako haijafika, ya kioo, chuchu yake ndefu nyekundu kama ulimi wa mbuzi. Aliisukuma nje kwa ulimi akanitazama kama nimemtukana. Ya pili ilikuwa ya plastiki, ina picha ya sungura, nikaipenda mwenyewe. Tundu lake lilikuwa kubwa. Alipaliwa, macho yakamtoka, nikampindua nikampiga mgongoni mpaka akapata pumzi, kisha nikaketi chini. Ile nimeitupa na sungura wake.

Baada ya kusoma maneno yako nikaenda kwa jirani yangu Halima, akaniazima chupa yenye chuchu fupi na shina pana, na maziwa yanadondoka kama ulivyosema. Hiyo anaishika. Anaiweka mdomoni, ananitazama usoni, kisha analia nayo mdomoni. Wala hainyonyi wala haitoi. Sasa namlisha kwa kijiko, na nusu ya maziwa inaishia shingoni.

Amepungua kidogo. Si sana. Usijitie hofu ukashindwa kupona, maana ukishindwa kupona nitakuwa na watoto wawili wa kuwaomboleza na sina nguvu hizo.

Mama yako,
Shufaa


Wodi ya Kifua
6 Machi 1978

Kwako Mama,

Waalaykum salaam. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi naendelea, sindano zinauma lakini nakula vizuri.

Umeandika "amepungua kidogo," na mimi nimesoma neno moja tu, amepungua. Mutiso naye nilimwuliza alipopita hapa kuchukua barua za kupeleka kwetu Emali. Alinificha kwanza, halafu akasema, "Mama Jabiri, huyo mtoto amekonda, lakini macho iko sawa." Naogopa, Mama. Tangu asubuhi hata kukamua nimeshindwa.

Nimewaza hivi. Chupa ya Halima haina kosa. Kosa ni kwamba Jabiri akiishika hasikii harufu yangu. Anakutazama usoni kwa sababu anatafuta ni nani anayemnyonyesha. Kwa hivyo nakutumia leso yangu ya kujifunga, ile ya rangi ya chungwa. Nimelala nayo tangu niingie wodini na sikuifua. Izungushe kwenye chupa mpaka karibu na chuchu, na upande mwingine ujitande kifuani. Mshike akiwa ameketi kidogo, asilale chali. Chupa uilaze, usiisimamishe, ili avute mwenyewe. Akipumzika na wewe mwachie apumzike, usimsukumie. Mimi nilikuwa namngoja hivyo hivyo.

Mutiso anaondoka sasa hivi na leso iko naye.

Mwanao,
Nzilani


Wodi ya Kifua
8 Machi 1978

Mama,

Nakuandikia kwa haraka. Usiitumie ile leso. Kama umeshaipokea, ichome.

Leo Sista Mumbua alikuwa anakusanya nguo zetu za kuchemshwa akaniuliza, "Wewe Nzilani, leso yako iko wapi?" Nikamwambia nimeituma nyumbani kwa mtoto. Alisimama na ndoo mkononi. Akasema, "Uliitumia kufunika mdomo?" Mama, nimeikoholea leso hiyo kila siku. Nilifikiria harufu yangu tu. Sikufikiria kitu kingine chochote, na mimi ndiye niliyeambiwa nikae mbali naye.

Nimeomba simu ya ofisi wakaniambia Kitui laini imekatika. Barua hii naipa mtu anayepanda basi. Iweke leso motoni na unawe mikono kwa sabuni. Niandikie siku hiyo hiyo kwamba umeichoma. Nakuomba.

Nzilani


Wodi ya Kifua
27 Machi 1978

Kwako Mama Shufaa,

Natumaini hujambo. Sijui hata niulize nini.

Jana ilikuwa Pasaka. Watu wa kanisa kutoka kule milimani walikuja kutuimbia dirishani na kila mgonjwa alipata mkate. Nilikaa kitandani nikitazama mlango. Salim alikuja, nikamwuliza habari za Kitui, akasema hajapata neno, kazi ya stesheni ya reli haijamruhusu kusafiri. Alisema akitazama viatu vyake. Sijui kama hajui au anajua.

Mutiso amepita mara mbili na hana barua. Mara ya pili nilimwuliza kama amemwona mtoto, akasema alikuta mlango wako umefungwa na jirani akasema mmeenda hospitalini.

Mama, kama Jabiri amekufa niambie. Nimejiambia neno hilo peke yangu mara nyingi, sasa afadhali nilisikie kwa mtu mwingine. Bado nakamua. Kikombe kilikuwa kinajaa, sasa kinafika nusu. Sista anasema ni hofu. Nakamua hivyo hivyo kwa sababu nikiacha nitakuwa nimekubali.

Nzilani


Majengo, Kitui
30 Machi 1978

Nzilani mwanangu,

Yu hai. Naanza na hilo kabla ya salamu.

Sasa nakusalimu, assalaam alaykum, na nakuomba radhi kwa kukuacha gizani. Kila nikishika kalamu nilikuwa sijui nitaandika nini. Nikiandika hajambo nitakuwa nimesema uongo, na nikiandika kweli nitakuua ukiwa kitandani.

Leso ilifika kabla ya barua yako ya haraka. Niliifunga kwenye chupa kama ulivyonielekeza, nikajitanda kifuani, nikamketisha. Alinusa. Alisugua pua kwenye leso huku na huku, akafungua ule mdomo wake wote, akaishika chuchu akavuta. Nzilani, alikunywa. Alipumzika, nikamngoja, akavuta tena mpaka chini. Nililia mpaka Halima akaja mbio akidhani kuna msiba. Wiki ile yote alikunywa hivyo na akawa analala na leso usoni, na mimi nikawa najisifu mtaani kama niliyemzaa.

Kisha ikaja barua ya kuchoma. Niliisoma mtoto akiwa amelala, leso iko puani kwake. Sijui kama umewahi kuogopa kitu ulichokishika mwenyewe kwa mikono yako. Nilimnyang'anya, akaamka akilia. Kuichoma sikuweza, maana nilijua nikiichoma hatakunywa. Basi nikafanya ninalolijua. Kwetu tangu enzi za bibi zangu mtungi wa maji haukai bila kufukizwa ubani, na nyumba iliyoingia maradhi hufukizwa pembe zote. Nikawasha chetezo. Nikaifukiza leso, nikafukiza chupa ndani na nje, chuchu, kitanda, mapazia, na mwisho nikasimama juu ya chetezo mimi mwenyewe. Nyumba ikanukia kama ya bibi harusi.

Tangu siku ile hakunywa tena. Akiletewa leso anageuza uso. Akiletewa chupa anapiga kelele. Na mimi kila akikataa nafukiza zaidi, nikidhani ni ugonjwa umeingia kwenye chupa. Hata kijiko akawa anakifumbia mdomo. Kisha akakohoa. Kikohozi kimoja kidogo, kama cha mtu mzima anayesafisha koo.

Tulienda hospitali ya hapa na kulazwa. Walimpa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko kidogo, usiku na mchana, tone kwa tone. Tumetoka juzi. Bado anakula kwa kijiko, kidogo sana. Mkono wake naweza kuuzungushia vidole viwili vikakutana. Leso iko kwenye kamba uani, siigusi wala siichomi. Niambie nifanye nini. Mimi nimelea watoto sita na sijui.

Mama yako,
Shufaa


Wodi ya Kifua
5 Aprili 1978

Kwako Mama mpendwa,

Waalaykum salaam. Niliposoma "yu hai" niliiweka barua chini nikakaa. Nilisoma mengine baadaye.

Nilimsomea Sista Mumbua barua yote na hakucheka hata kidogo. Anasema hivi. Ubani hauui ugonjwa huu. Na mpira ule unakunywa moshi. Ukiufukiza mara moja tu hautoki tena hata uoshe kwa sabuni, na kila maziwa yanayopita yanakuwa na ladha ya ubani. Jabiri hakuikataa leso yangu wala chupa ya Halima, alikuwa anakataa moshi. Kwetu pia vibuyu vya maziwa husafishwa kwa kijinga cha moto na sisi tunapenda ladha yake, kwa hivyo mimi sina wa kumcheka. Lakini yeye alijua maziwa yangu tu.

Tafuta chuchu mpya ya umbo lile lile, fupi, yenye shina pana. Ichemshe na chupa kwenye sufuria ambayo haipikiwi kitu kingine, maji yatokote kwa muda, uifunike mpaka itakapohitajika. Usiweke kitu kingine chochote. Leso usiichome. Iache kwenye jua kali, igeuze upande na upande, jua linaua ugonjwa huu kuliko moto wa chetezo. Sista anasema alinitisha kupita kiasi siku ile, leso si kama pumzi. Na kikohozi, mpeleke adungwe ile sindano ya kupima kwenye mkono, halafu wausome baada ya siku chache. Fanya hilo kwanza kabla ya mengine yote.

Mama, kuna jambo jingine na sijui niliulize kwa adabu gani. Salim aliniambia kwamba ulisema kwenu mjukuu wa kwanza hulelewa na bibi. Alisema kama mzaha. Mimi nimelala nalo wiki nyingi. Sikusema kitu kwa sababu mtoto yuko mikononi mwako na mimi niko hapa na kikombe. Maziwa ninayokamua sasa hayafuniki chini ya kikombe vizuri. Ninaogopa kwamba nitapona nikute nimechelewa, mtoto ni wako na kifua kimekauka. Nikipona, utanipa mtoto wangu?

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao,
Nzilani


Majengo, Kitui
21 Aprili 1978

Mwanangu Nzilani,

Assalaam alaykum. Mvua imenyesha huku mpaka barabara ya chini imekatika, ndiyo maana nimechelewa. Hiyo ni sababu ya kwanza. Sababu ya pili nilikuwa nimekasirika na sikutaka kuandika nikiwa hivyo.

Habari njema kwanza. Mkono wake wameusoma, haukuvimba. Daktari ametupa dawa ya kumkinga ya kunywa kila asubuhi, na kikohozi kile kilikuwa mafua tu. Nilimwuliza mara tatu mpaka akaniambia, "Nyanya, nenda nyumbani." Chuchu mpya nimeipata baada ya kuzunguka maduka yote. Kila duka nilikuwa nawaambia wanitilie maji nipindue chupa nione yanavyodondoka, mpaka mwenye duka mmoja akauliza kama nanunua chupa au nanunua ng'ombe. Nachemsha kama ulivyosema. Leso imekaa juani. Siku ya kwanza alionja akaacha. Siku ya pili alionja akafikiri. Siku ya tatu alikunywa. Sasa mashavu yamerudi na ameanza kucheka na kuku.

Sasa lile swali lako. Ndiyo, nilisema. Nilisema kwa hamu, siku Salim aliponiletea na nikamwona ana paji la uso la marehemu. Nyumba hii imekuwa kimya miaka minane. Uliponiuliza kama nitakupa mtoto wako nilikasirika kwa sababu uliligusa jambo nililokuwa nimelificha hata mimi mwenyewe. Nimekwisha kasirika, sasa nakujibu. Chupa nimechagua ile ya polepole kwa sababu yako. Ningetaka asikutake ningemnunulia ya mfereji, zimejaa dukani na ni rahisi, na mkono wangu usingechoka kumshika nusu saa.

Kamua, mwanangu. Hata kama ni matone.

Mama yako,
Shufaa


Wodi ya Kifua
3 Mei 1978

Kwako Mama,

Waalaykum salaam. Natumaini nyote hamjambo.

Makohozi yangu yamepimwa mara mbili na mara zote mbili yalikuwa safi. Dawa za kumeza nitaendelea nazo mwaka mzima na zaidi, lakini daktari ameniruhusu kwenda nyumbani na ameniruhusu kumnyonyesha. Jumamosi Salim atanichukua twende Emali, kwenye nyumba yetu ya reli. Ukiweza tuletee mtoto wiki inayofuata.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mara nyingi. Sitaandika neno juu yake kwa sababu nitakosea.

Nakamua bado. Ni kidogo sana, yanalowesha tu kikombe. Naogopa hiyo siku kuliko nilivyoogopa kuingia hapa.

Mwanao,
Nzilani


Majengo, Kitui
20 Mei 1978

Nzilani mwanangu,

Assalaam alaykum. Nimefika salama, mguu umevimba lakini utashuka. Msalimie Salim.

Nataka kusema juu ya nilivyoondoka, kwa sababu najua mlinishangaa. Nilikuja nikiwa nimejiandaa kukaa wiki nzima. Lakini niliona ulivyofungua kifua na yeye akakutazama kama mpita njia, kisha akageuka akanishika ushungi kwa mikono miwili. Uliponijia tena asubuhi, akalia kabla hujaketi. Ulikwenda nje ukaosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa. Nikaona, mimi nikiwa pale, mtoto yule hatahangaika na ziwa lako. Kwa nini ahangaike wakati njia ya mkato imeketi kitini? Ndiyo maana nikaondoka akiwa analia, na sikugeuka nyuma kwa sababu ningerudi.

Chupa na sufuria yake nimeziacha kwenye kikapu. Usimnyime ili njaa imfundishe, huyo si mtoto wa kufundishwa kwa njaa, nimemjua.

Sasa zamu imenigeukia. Mimi ndiye niliyekaa mlangoni nikimngoja Mutiso. Nakwenda kumtazama kitandani nakuta mto. Niandikie amelalaje, amekula nini, na kama amekushika. Hata kama hajakushika niandikie.

Mama yako,
Shufaa


Majengo, Kitui
2 Juni 1978

Nzilani,

Assalaam alaykum. Mutiso amekuja jana, amekuja leo, na hana kitu.

Sasa ninajua Pasaka yako ilikuwaje. Kama mtoto anaumwa niambie nije. Kama umekasirika kwa nilivyoondoka niambie hilo pia, nitalistahimili. Ninachoshindwa kustahimili ni kutojua. Nimeacha kupika vitumbua vya kuuza kwa sababu naviunguza vyote.

Mama yako,
Shufaa


Emali
6 Juni 1978

Kwako Mama yangu,

Waalaykum salaam. Jabiri hajambo, mimi sijambo, Salim hajambo. Nimeanza na hilo kwa sababu ulinifundisha.

Sikukukasirikia. Sikuandika kwa sababu barua niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa moja tu, ya kukuomba uje umchukue. Baada ya kuondoka alilia mpaka sauti ikamkauka. Kila nikimweka kifuani alikuwa anajipinda mgongo. Nilikuwa nampa chupa uliyoiacha, anakunywa akiwa amefumba macho ili asinione. Nikasema moyoni, mtoto huyu anaponea kwa mtu mwingine, na mimi namtesa kwa ukaidi wangu. Nikasema nikimpenda nitamrudisha.

Halafu nikafanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya siku zote nilipokuwa nafukia maziwa nyuma ya jikoni. Yale machache niliyokuwa nakamua niliyatia kwenye chupa badala ya kikombe. Hayakufika hata kidole kimoja. Alivuta, akasimama. Akafumbua macho. Alinitazama muda mrefu na chuchu ikiwa mdomoni, kisha akavuta tena polepole mpaka yakaisha, akalia kwa sababu yameisha. Nikafanya hivyo kila siku, matone yangu kwanza, ya kopo baadaye. Kwa sababu alikuwa anayadai, yakaanza kuongezeka. Sikuandika hata hapo, niliogopa kwamba nikiandika yatakauka.

Jumapili mvua ilinyesha mchana na tukalala wote wawili. Nilikuwa sijavaa blauzi, kulikuwa na joto kabla ya mvua. Niliamka kwa maumivu. Alikuwa amelishika la kushoto mwenyewe, bila mtu kumwambia. Kwanza aliuma, kama anayejaribu kujua ni mimi kweli. Kisha akanyonya. Sikusogea, mkono ukafa ganzi, Salim akaingia akatoka tena na akasimama nje kwenye mvua.

Amenyonya jana na amenyonya leo. Chupa bado anaitaka mara moja kwa siku na nampa, sioni tena kama ni adui yangu.

Sasa nakueleza jambo ambalo linanifanya niandike leo na nisingoje kesho. Akishiba hugeuza kichwa, hutazama mlango, anamngoja mtu. Si kwa kulia, anangoja tu. Nilidhani nitaumia kuona hivyo. Kilichonishika ni hofu nyingine, kwamba siku moja ataacha kungoja na wewe utakuwa uko Kitui unaunguza vitumbua.

Usinijibu kwa barua. Funga mlango, mwachie Halima ufunguo. Nimemwambia Jabiri unakuja.

Mwanao,
Nzilani